Ngoja Ngoja ya Grafiksi Yaumiza Matumbo Ujiji

 Najua nilipotea. Chumba cha habari kinajua kummeza mtu mzimamzima, unaingia asubuhi na kalamu unatoka usiku huna hata jina. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira. Hasira yenyewe inahusu jambo ambalo baadhi yenu mtasema ni dogo, la watoto wa kompyuta. Inahusu grafiksi. Naam, ile sehemu ya mashine inayochora kila unachokiona kwenye kioo. Kaeni vizuri.

Desemba 2025 nilichukua likizo nikaenda nyumbani, mwisho wa reli. Ujiji ni ileile, joto lilelile, maembe yameshaanza kudondoka. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana chumba nyuma ya nyumba ya bibi yetu, si mbali na ile kumbukumbu wanakopelekwa watalii kuonyeshwa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Humo ndani dogo na wenzake wawili wanapiga kazi ya video: harusi, maulidi, mahafali, na mara mojamoja wimbo wa msanii wa mtaani. Kamera wanakodi. Taa wametengeneza wenyewe. Kompyuta hawana.

Nikauliza kwa nini hawana. Dogo akanijibu kwa uso wa mtu mwenye akili, "Kaka, tunasubiri. Kuna mashine ndogo ya mezani inakuja, wanasema safari hii grafiksi zake za ndani zitakuwa moto."

"Mmesubiri tangu lini?"

"Tangu Machi."

Machi! Miezi tisa. Na si kwamba hela hawana. Kwenye kibubu chao cha simu kuna shilingi 1,900,000. Sasa hao watatu wana mwenzao mmoja binti, ndiye mpiga picha na ndiye mtunza daftari, mtu asiyependa maneno mengi. Nikamwomba daftari. Kila wiki, mara tatu, wanapanda kwenda Mwanga kukodi sipiyu kubwa ya jamaa mmoja, usiku kucha, shilingi 10,000. Nikatoa simu nikapiga hesabu mbele yao. Usiku 3 kwa wiki, wiki 39, usiku 117. Shilingi 1,170,000. Nauli sijaweka. Chai na chapati sijaweka.

Yaani hawa watoto wamelipa zaidi ya milioni moja kwa ajili ya kusubiri tetesi.

Nikataka kujua nani kawaambia wasubiri. Ni jamaa mmoja wa Dar, sitamtaja, ana wafuasi wengi, kila siku anazungumzia kompyuta akiwa amekaa mbele ya rafu yenye taa za rangi rangi. Dogo alimwandikia kumwomba ushauri, na jamaa alimjibu kwa mistari miwili tu: grafiksi za ndani ni grafiksi za maskini, kama huwezi kununua kadi yenye nguvu basi subiri toleo lijalo. Akaweka na alama ya moto. Huyo ndiye mganga wetu.

Hebu tuanze na hilo neno "maskini", maana ndilo lililonikata maini.

Kwa wasiojua: kompyuta inaweza kuwa na kadi ya grafiksi, kifaa chake chenyewe, chenye chipu yake, feni yake na kumbukumbu yake. Au inaweza kuwa na grafiksi za ndani, ambapo kitengo cha kuchora picha kimewekwa ndani ya prosesa, na kinaazima kumbukumbu ileile ya RAM inayotumiwa na mashine nzima. Ni kama nyumba mbili zinazochota kisima kimoja. Kisima kikiwa na maji na kamba ni ndefu, hakuna ugomvi. Kikiwa kidogo, mmoja atalala na kiu. Kompyuta ndogo za mezani, zile unazoweza kubeba kwenye mkoba wa kwapani, karibu zote zinatumia kisima kimoja kwa sababu kadi kubwa haina pa kukaa humo.

Kwa hiyo swali la maana kwa mashine ndogo ni kisima kina ukubwa gani na kamba inavuta haraka kiasi gani. Huko ndiko kwenye mambo, na huko ndiko wanablogu wetu wa taa za rangi hawaendi kamwe, kwa kuwa kunataka hesabu.

Nami nakiri, woga wa dogo haukutoka hewani. Mwaka 2023 waliwahi kununua mashine kutoka duka moja la Dar, duka ambalo jina nimelihifadhi. Ilikuwa imebandikwa karatasi: "Grafiksi 8GB". Wakafurahi. Ilipofika Kigoma ikawa inakwama kama mtumbwi uliokwama mchangani. Kumbe ndani hamna kadi yoyote. Ilikuwa na grafiksi za ndani na RAM ya 16GB, na Windows kwa kawaida huonyesha nusu ya RAM kuwa grafiksi zinaweza kuiazima. Nusu ya 16 ni 8. Muuzaji kasoma namba kwenye kioo, kaiandika kwenye karatasi, kaipandishia bei. Hiyo 8GB haikuwa ya ziada hata chembe, ni maji yaleyale ya kisima yamehesabiwa mara mbili!

Halafu, na hili ndilo lililoniuma zaidi, hiyo 16GB ilikuwa kijiti kimoja cha RAM wakati mashine ina nafasi mbili. Prosesa nyingi za mezani zina njia mbili za kuvuta kumbukumbu. Ukiweka kijiti kimoja unatumia njia moja tu. RAM ya DDR4 yenye kasi ya 3200 kwa njia moja inapitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Weka vijiti viwili inakuwa 51.2. Mara mbili. Kwa mtu anayeandika barua hataona tofauti. Kwa grafiksi za ndani, ambazo maisha yao yote ni kuvuta kumbukumbu, tofauti ni ya kutembea na kukimbia. Nani aliwaambia hilo? Hakuna. Wao waliuza ile mashine kwa nusu ya bei wakahitimisha kwamba grafiksi za ndani ni uchawi mbaya, na kuanzia hapo wakawa tayari kumwamini yeyote atakayewaambia wasubiri.

Haya. Sasa tuje kwenye tetesi zenyewe.

Mnajua tetesi za usajili, kila dirisha likikaribia Simba na Yanga wanasajili Afrika nzima kwenye vijiwe, na ligi ikianza unakuta nusu ya majina hayapo. Tetesi za kompyuta ndogo za mezani ni vilevile, ila zina historia unayoweza kuikagua. Nimeikagua.

Januari 2005 Apple walitoa Mac mini ya kwanza, kiboksi cheupe, dola 499. Ilikuwa na chipu ya grafiksi ya ATI Radeon 9200 yenye megabaiti 32 zake yenyewe. Katika kuinadi, wakawasimanga watengenezaji wa kompyuta za bei rahisi kwamba wanatumia grafiksi za ndani za Intel zinazonyonya kumbukumbu ya mashine na kumwelemea prosesa. Maneno makali kabisa. Mwaka uliofuata walipokuwa wanahamia prosesa za Intel, watu wakabishana usiku na mchana: mini mpya itakuwa na kadi gani? Tarehe 28 Februari 2006 ikatoka. Intel GMA 950. Grafiksi za ndani, zinaazima megabaiti 64 kutoka RAM. Kitu kilekile walichokisimanga! Na bei ya kuanzia ikapanda hadi dola 599. Mimi wakati huo nilikuwa darasa la kwanza hapo Ujiji na kompyuta sijaiona, lakini nikisoma habari hiyo leo nacheka peke yangu. Matapishi yao, wakayala tena kwa kijiko.

Haikuishia hapo. Mwaka 2011 toleo moja la Mac mini lilikuja na chipu ya AMD Radeon HD 6630M yenye kumbukumbu yake. Watu wakasema enhe, njia ndiyo hiyo, mwakani itakuwa kubwa zaidi. Mwakani, 2012, ikaondolewa kabisa, zikarudi grafiksi za ndani za Intel HD 4000. Oktoba 2014 likatoka toleo ambalo RAM imegandishwa kwenye ubao huwezi kuibadilisha. Baada ya hapo? Kimya. Miaka minne mpaka Novemba 2018. Kuna mtu mahali fulani alianza kusubiri akiwa mwaka wa kwanza chuoni akahitimu bado anasubiri kiboksi.

Na la karibuni kabisa: Oktoba 2023 zilitangazwa chipu za M3. Tetesi zikasema basi, mini ya M3 inafuata, grafiksi zake zitakuwa hivi na hivi, wengine wakachora mpaka picha. Mini ya M3 haikuzaliwa kamwe. Mwaka mzima baadaye, Oktoba 2024, ikaja ya M4 moja kwa moja. Kila aliyesubiri ya M3 alisubiri kitu ambacho hakikuwepo.

Oktoba 2025 tena, M5 imetangazwa, imeanza na laptopu na aipadi, kiboksi cha mezani hakimo kwenye orodha. Palepale uvumi ukawaka: lini, kori ngapi, moto kiasi gani. Dogo akawa anazisoma kama mtu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne.

Kinachonishangaza ni kwamba hata hicho kitendawili si kitendawili. Chipu ikishatoka kwenye laptopu, mambo makubwa ya grafiksi zake yanajulikana. M4 inapitisha kumbukumbu gigabaiti 120 kwa sekunde, M5 inapitisha 153. Kori za grafiksi ni 10 kwa 10, ingawa za M5 zimeongezewa vitengo vya hesabu za akili bandia. Basi. Mashine ya mezani ikipewa chipu hiyo, hizo ndizo namba zake. Huhitaji mganga, huhitaji rafu yenye taa. Na swali ambalo dogo alipaswa kuulizwa siku ya kwanza ni hili: tofauti ya 120 na 153 itakuongezea harusi ngapi kwa mwezi?

Hakuna hata moja. Atakayesubiri video ya bintiye hatajua kama ilitoka kwa dakika 14 au 11. Ataona tu kwamba imechelewa wiki tatu kwa sababu mhariri alikuwa kwenye foleni ya kukodi sipiyu Mwanga.

Tetesi hazimgharimu anayezitoa. Zikitimia ni nabii, zisipotimia anafuta, kesho anaanza nyingine. Anayegharimika ni mwenye daftari la shilingi 10,000 kwa usiku.

Turudi kwenye umaskini. Kuna watu wanaongea kuhusu grafiksi za ndani kana kwamba saa ilisimama mwaka 2006. GMA 950 ile, na RAM ya wakati ule, ilikuwa na njia ya gigabaiti kama 10 kwa sekunde ya kugawana na prosesa. Wakati ule matusi yalistahili, nisingebisha. Lakini M4 Pro, grafiksi za ndani vilevile, kisima kimoja vilevile, inapitisha 273. Kadi ya NVIDIA RTX 4060, ile inayosifiwa na vijana wa gemu, ina 272. Wenzao wa AMD mwaka 2025 walileta Ryzen AI Max+ 395, chipu moja, grafiksi ndani yake, gigabaiti 256 kwa sekunde, na inaweza kuchukua kumbukumbu ya mpaka 128GB. RTX 4060 ina 8GB, zikijaa zimejaa. Sisemi hizi mashine ni za bei ya Ujiji, la hasha. Na kasi ya kumbukumbu si nguvu yote, mtu wa gemu atanipinga na atakuwa sahihi. Nasema tu neno "maskini" limepitwa na wakati, na anayeendelea kulitumia anakuonyesha ni lini aliacha kusoma.

Kuna jingine ambalo ningependa lichapwe kwenye kuta za Mwanga kwa rangi nyekundu. Kamera wanazokodi hawa watoto zinarekodi video ya HEVC ya biti 10 katika mfumo wa 4:2:2, yaani rangi nyingi zaidi kuliko ya kawaida ya 4:2:0. Picha ni nzuri, ila kuifungua faili hiyo ni kazi nzito mpaka chipu iwe na kitengo maalumu cha kuifungua. Grafiksi za ndani za Intel kwenye prosesa za mezani za kizazi cha 11 zina kitengo hicho. Chipu za M1 na kuendelea zinacho. Kadi za NVIDIA, zile kubwa, za bei ya pikipiki, hazikuwa nacho mpaka RTX za mfululizo wa 50 zilipotoka mwaka 2025. Rudia kusoma. Kwa kazi hiyo moja, ambayo ndiyo kazi ya harusi, "grafiksi za maskini" zilikuwa zinafanya kwa miaka kile ambacho kadi ya tajiri haikuweza.

Na ile sipiyu ya kukodi ina kadi ya RTX 3060. Ndiyo maana kila usiku kabla ya kuanza kuhariri walikuwa wanapoteza saa mbili kubadilisha faili ziwe nyepesi! Walidhani ndivyo kazi ilivyo.

Halafu kuna umeme, ambao jamaa wa Dar hajawahi kuuweka kwenye hesabu zake. Kigoma iliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, kwa majenereta ya dizeli. Nimesoma kwa mshumaa na kibatari kwenye mji wenye ziwa la pili kwa kina duniani. Katika miaka hii ya 2020 gridi imeanza kuingia mkoani kwa upande wa Kakonko na Kibondo, na hali si ya zamani, lakini muulize yeyote wa Gungu au Kibirizi kama anaweza kuwasha mashine saa mbili usiku bila kumwomba Mungu. RTX 3060 peke yake inakula mpaka wati 170, bado prosesa, bado kioo. UPS ya kawaida ya dukani ukiiwekea mzigo huo inakupa dakika za kuaga tu. Mac mini ya M4 inakula wati 4 hivi ikiwa imekaa, na hata ikifanya kazi ya nguvu kabisa haizidi wati 65. Kompyuta ndogo za mtumba za ofisini, akina Dell OptiPlex Micro na HP EliteDesk Mini na Lenovo Tiny, ziko kwenye ukoo huohuo wa kula kidogo. Hizo unaziwekea UPS, betri ya sola hata, na umeme ukikatika unamalizia kazi.

Mnaona sasa? Mtu aliyekaa Mikocheni na jenereta la jengo zima anamshauri mtu wa Ujiji achukie kile ambacho Ujiji inakihitaji.

Na si suala la harusi pekee. Mkoa huu umewapa muziki wa nchi hii majina mangapi? Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walijikusanya wakaitwa Kigoma All Stars, wakatoa Leka Dutigite, tukacheza mpaka vumbi likatoka. Diamond Platnumz asili yake huku. Asili ipo huku, lakini msanii wa leo wa Katonga akitaka video inayoeleweka anaambiwa apande treni. Kilomita 1,254 kwenda Dar es Salaam, akahaririwe huko, hela ibaki huko. Sababu wanayoitoa ni moja: "huku hamna mashine". Kumbe kuna vijana wana milioni moja na laki tisa na wameambiwa wasiinunue.

Naomba nisieleweke vibaya. Sijala yamini kwa grafiksi za ndani. Rafiki yangu mmoja anasomea usanifu majengo, anachora nyumba za pande tatu na kuzipa mwanga wa jua, huyo nilimwambia auze hata kitanda anunue kadi. Anayetaka kufundisha mifumo ya akili bandia, programu nyingi bado zimeandikwa kwa ajili ya kadi za NVIDIA, asijidanganye. Mpenda gemu ajue mwenyewe.

Na hao watengenezaji wa viboksi sijawasamehe. Grafiksi zikiazima RAM, basi RAM ndiyo kila kitu, na wao wanalijua hilo, ndiyo maana wameigandisha kwenye ubao. Mac mini ya M4 ilianza na 16GB kwa dola 599. Ukitaka 8GB zaidi, dola 200. Theluthi ya mashine nzima kwa 8GB! Na lazima uamue siku ya kununua, kesho hairuhusiwi. Huo ni ulanguzi wa mchana kweupe na nitausema hata wakinipa kiboksi cha bure (hawatanipa). Kwa mtu wa kwetu, mtumba unaofunguka kwa bisibisi una heshima yake: leo unaweka kijiti kimoja, baada ya harusi mbili unaongeza cha pili.

Ila hapo napo kusubiri kumetuadhibu. Viwanda vya chipu za kumbukumbu viliegemea vituo vikubwa vya akili bandia vya huko duniani, na kufikia mwisho wa 2025 bei ya RAM ikapaa kila mahali. Aliyenunua Machi alinunua kwa amani. Aliyekuwa anasoma tetesi akaamka Desemba akakuta bei imevaa suti.

Basi, hayo yote niliyasema kwa sauti kubwa pale uani kwa bibi, jasho linanitoka, na dogo akanisikiliza kwa adabu kisha akasema, "Sawa kaka, lakini vipi kama ijayo..." Nilitaka kulia. Aliyemaliza ubishi ni yule binti. Hakusema kitu. Kesho yake asubuhi alichukua kadi ya kumbukumbu ya harusi moja ya Gungu, tukapanda wote mpaka Mwanga kwa fundi mmoja anayeuza mashine za mtumba. Akamwomba fundi awashe kiboksi kimoja cheusi, Intel ya kizazi cha 11, hakuna kadi, hakuna taa. Akachomeka faili yake ya 4:2:2, haijabadilishwa, ilivyotoka kwenye kamera. Bibi harusi akaanza kutembea kwenye kioo, taratibu, bila kukwama. Akarudisha nyuma. Akapeleka mbele. Bibi harusi anatembea tu.

"Bei?" akauliza.

Wakabishana na fundi mpaka adhuhuri. Ndani kulikuwa na kijiti kimoja cha RAM, nikasisitiza kiwekwe cha pili kinachofanana nacho, na bei ya hicho cha pili ndiyo iliyomfanya dogo anyamaze njia nzima. Wakanunua na UPS. Ikabaki hela, kwenye kibubu, kwa ajili ya lenzi.

Usiku wa tatu walikuwa wanatoa video ya hiyo harusi ya Gungu. Saa tatu na dakika kumi umeme ukakatika, mtaa mzima ukapiga ile kelele ya "aaah" mnayoijua. UPS ikaanza kulia. Feni ikasimama, tukabaki na mwanga wa kioo na bibi akiuliza kutoka ndani kama kuna mtu anaungua. Asilimia 71. Asilimia 80. Binti alikuwa anahesabu kwa vidole vilio vya UPS. Ilifika mia bado inalia. Akachomoa flashi, akafungua daftari, chini ya safu ya "kukodi" akapiga mstari.

Tukatoka nje kukaa penye upepo, tunakula maembe gizani. Dogo kimya, kioo cha simu kinammulika usoni. Nikadhani anamwandikia mteja.

"Kaka," akasema, "hivi umeona? Wanasema inayofuata ile itakuwa na kori kumi na mbili."

Nilimrushia kokwa la embe. Nilimkosa, giza lilikuwa nene.